Sura ya Tano: Kilomita Kwanza, Gari Baadaye

Kwenye vituo vya gesi vya Ubungo, foleni ya bajaji hupangwa kabla hakujapambazuka. Madereva hujilaza kiti cha abiria, miguu ikining'inia nje, na foleni ikisogea mmoja huamshwa na kelele za wa nyuma yake, akashuka akasukuma chombo chake kwa mkono bila kuwasha injini. Sheli za petroli zilizo jirani hazina foleni. Anayepita pale mara ya kwanza huona kama watu hawa wanachezea muda wao. Hawachezei. Kila mmoja wao ameshapiga hesabu ya siku nzima, na hesabu hiyo inamwambia kwamba saa mbili za kusubiri zitarudi mfukoni kabla ya jioni.

Ninaanza na madereva hawa kwa sababu wanaelewa jambo ambalo wanunuzi wengi wa magari hawalielewi. Mtu akitaka gari la kuchafua hewa kidogo na kula mafuta kidogo, swali lake la kwanza huwa ni aina: nichukue haibridi, nifunge gesi, ningoje ya umeme? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kilomita ngapi gari hilo litatembea kwa mwezi, na hapo ulipo ni nishati gani inakufikia bila kukutesa. Ukishajibu hayo mawili, jina la gari litajichagua lenyewe.

Tuanze na gesi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa mkoani Lindi, iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka 30 hadi bomba lilipoifikisha Dar es Salaam mwaka 2004 kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982 na bomba lake kubwa la kuja Dar es Salaam likakamilika 2015. Ubungo ikawa mahali gesi ilipo, na ndiyo maana vituo vya kujazia magari vilianzia huko na kwa muda mrefu havikusogea mbali. Magari yalikuwa wageni wa baadaye kwenye bomba lililojengwa kwa ajili ya umeme na viwanda.

Kwa miaka mingi wageni hao walikuwa wachache. Kilichowaongeza ni bei ya petroli. Agosti 2022 bei elekezi ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa Dar es Salaam ilipita shilingi 3,400 kwa lita, na hiyo ni baada ya Serikali kuanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Kilo ya gesi iliyoshindiliwa ilikuwa shilingi 1,550 hivi. Gereji za kufunga mfumo wa gesi, pamoja na karakana ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, zikaanza kuwapanga wateja kwa tarehe.

Sasa tukae tupige hesabu kwa kalamu. Chukua Toyota IST ya cc 1,300 inayokwenda kilomita 14 kwa lita mjini. Petroli tuiweke shilingi 3,000, gesi 1,550, na kwa kuwa kilo moja ya gesi ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli, tukubali kwamba itakupeleka kilomita 19. Kufunga mfumo, tuseme shilingi milioni 2. Gharama hiyo hupungua au kuongezeka kwa ukubwa wa mtungi na ubora wa vifaa. Kilomita 1,000 kwa petroli zitakugharimu kama shilingi 214,000. Kwa gesi, kama 82,000. Umeokoa 132,000.

Dereva wa teksi ya mtandao anayetembea kilomita 4,000 kwa mwezi anaokoa zaidi ya nusu milioni, na mtambo umejilipa ndani ya miezi minne. Mfanyakazi anayetoka Kimara kwenda Posta na kurudi, kilomita 1,000 kwa mwezi pamoja na mizunguko ya mwisho wa wiki, atangoja miezi 15. Lakini mzee aliyestaafu ambaye gari lake linatoka kwa ajili ya kanisani, sokoni na misibani, kilomita 300 kwa mwezi, ataokoa shilingi 40,000 tu. Itamchukua zaidi ya miaka minne kurudisha fedha yake. Huyo ukimshauri afunge gesi umemkosea, hata kama unampenda na unaipenda hewa safi.

Na hewa yenyewe nayo inafuata hesabu hiyohiyo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Gari la mzee wetu linatoa kama kilo 590 kwa mwaka mzima. Teksi inayotembea kilomita 48,000 inatoa karibu tani 8. Teksi moja ni wazee 13. Kwa hiyo anayezungumza kuhusu magari safi na akaanza na gari la familia linalolala uani siku tano kwa wiki, ameanza mahali pasipo na moshi. Moshi uko kwenye bajaji, bodaboda, daladala, teksi na malori, vyombo visivyolala.

Kuhusu gesi kuna mambo ambayo fundi mwenye haraka hatakwambia. Mtungi wa lita 60 unabeba kama kilo 10 za gesi, yaani kilomita 200 hivi, na ukiwa wa chuma una uzito wa kama kilo 60, sawa na kumbeba mtu mzima kwenye buti kila siku ya maisha ya gari hilo. Buti lenyewe limekwisha. Ukitaka kwenda Morogoro na masanduku matatu, yatakaa mapajani. Gari litawaka kwa petroli kwanza, injini ikipata moto mfumo unabadilisha wenyewe kwenda kwenye gesi; kwa hiyo pampu na nozeli za petroli bado zinahitaji kutunzwa, na tenki lisiachwe tupu. Nguvu inapungua kidogo, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa inayoingia kwenye silinda. Kwenye tambarare za Dar hutaona sana, ukipanda mlima na abiria wanne utaona. Plagi nazo huchoka mapema kuliko kwenye petroli.

La hatari ni moja, na hapa sina utani hata kidogo. Gesi ya gari hushindiliwa hadi mgandamizo wa baa 200. Gesi ya jikoni, ile ya mtungi wa bluu au kijani, hukaa kwenye baa kama 8 tu. Ni gesi mbili tofauti, mitungi tofauti, kila kitu tofauti. Mtu akikwambia ana njia ya mkato ya kukufungia mtungi wa jikoni kwenye gari, au mtungi wa gari usio na nambari na tarehe iliyogongwa kwenye shingo yake, ondoka hapo. Mtungi halali umepigwa muhuri wa mgandamizo wake, tarehe ulipotengenezwa na tarehe ya kupimwa upya, na gereji halali inakupa cheti. Mtungi ulio salama ni salama kweli: gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu na kutawanyika, tofauti na ya jikoni inayotambaa sakafuni ikitafuta cheche.

Je, gesi ni nishati safi? Ni safi kuliko ilivyokuwa. Ikilinganishwa na petroli inapunguza hewa ya ukaa kwa robo kwa makadirio mazuri, na kwa injini iliyogeuzwa gereji faida huwa chini ya hapo. Ikilinganishwa na dizeli ya daladala chakavu, faida kubwa zaidi ni masizi: hakuna ule moshi mweusi unaoingia kifuani kwa abiria anayesubiri kituoni. Ila metheni, ambayo ndiyo gesi asilia yenyewe, ikivuja bila kuungua hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 20. Muungio unaovuja kidogo kidogo kwa mwaka mzima unaweza kula faida yote uliyodhani umeileta. Povu la sabuni kwenye miungio ya bomba linatosha kukuonyesha: likitoa mapovu, rudi gereji siku hiyohiyo.

Kabla ya gesi, Tanzania iliwahi kuota ndoto nyingine, na haifai kuisahau kwa sababu inarudi kila bei ya mafuta inapopanda. Wazo la kuendesha injini kwa mafuta ya mimea ni la zamani. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Miaka ya 2000, dunia ilipotafuta mbadala wa petroli, macho yaliangukia mbono, mti ambao vijijini kwetu hupandwa kama uzio na kwenye makaburi. Ilisemekana unastawi kwenye ardhi mbaya, hauhitaji maji mengi, na mbegu zake zimejaa mafuta. Wilayani Kisarawe, kampuni moja ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji 11 kwa mkataba wa miaka 99. Wanakijiji waliahidiwa kazi, visima, zahanati. Mwaka 2011 kampuni ikafunga shughuli, mamia ya vibarua wakarudi nyumbani, na ardhi waliyoitoa ikawa haiko mikononi mwao tena.

Mbono kwenye ardhi mbaya hutoa mbegu kidogo. Ukitaka mbegu nyingi lazima uupe ardhi nzuri na maji, yaani uyanyime mahindi na mihogo. Na mbegu zake ni sumu, kwa hiyo soko likikosekana huwezi hata kuzila. Ninaona mfano ulio bora kwa majirani zetu wa Malawi. Tangu mwaka 1982 kiwanda cha Dwangwa kinatengeneza ethanoli kutokana na molasi, masalia ya sukari, nayo huchanganywa na petroli inayouzwa nchini humo. Hawakuhamisha kijiji kwa ajili ya mafuta; walitumia kilichokuwa kinabaki kiwandani. Mtu akija kijijini kwenu na mpango wa mafuta ya mimea, muulize ardhi inatoka kwa nani. Kama jibu ni "kwenu", kikao kifungwe.

Turudi barabarani. Kwa mwenye gari la familia anayekaa kwenye foleni ya Mandela au Mwenge kila asubuhi, chaguo lenye akili leo kwa maoni yangu ni haibridi ndogo iliyotumika, na jina linalosikika zaidi ni Toyota Aqua, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2011, mdogo wake Prius ya 1997. Gari la haibridi la aina hii halichomekwi popote. Linajichaji lenyewe kila unapokanyaga breki: badala ya mwendo kuishia kuwa joto kwenye pedi, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Foleni ikisimama, injini inazima. Ikisogea hatua kumi, mota ya umeme inalisogeza gari bila tone la petroli. Ndiyo maana gari hili hung'aa palepale ambapo magari mengine yanateketeza mafuta bure, na kilomita 20 kwa lita mjini si hadithi. Kwenye barabara ndefu ya kwenda Dodoma, mwendo ukiwa wa kasi moja na breki hazikanyagwi, faida hiyo hupungua sana. Mtu wa safari za mikoani asilipie zaidi kwa kitu ambacho hatakitumia.

Watanzania wengi wanaiogopa haibridi kwa sababu ya betri. Wamesikia betri imekufa na bei ya mpya ikakaribia kumfanya mtu auze gari. Hofu hiyo ina msingi, ila kinachoziua betri nyingi ni kitu kidogo ambacho hakuna anayekiangalia. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Imeundwa kwa moduli 20 zilizounganishwa mfululizo, jumla volti 144, na hupozwa na feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye matundu madogo pembeni mwa kiti hicho. Vumbi la barabara zetu, nywele, nyuzi za zulia na makombo ya watoto huishia kwenye tundu hilo. Abiria akiegemeza begi pale, hewa inakatika kabisa. Feni inaziba, betri inachemka, moduli moja inadhoofika na kuzivuta zile 19 nyingine, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, na mwenye gari anaambiwa betri imekwisha.

Mwambie fundi afungue kifuniko hicho kila unapofanya sevisi, atoe feni, aisafishe kwa brashi na hewa. Ni kazi ya muda mfupi na bisibisi moja. Unapokwenda kununua haibridi yadi, piga magoti pembeni ya kiti cha nyuma na tochi ya simu kabla hujafungua boneti. Tundu lililojaa vumbi litakueleza gari lilivyotunzwa kuliko maneno ya muuzaji. Na kama moduli moja au mbili zimekufa, wapo mafundi wanaobadilisha hizo peke yake. Ni nafuu, ingawa moduli mpya kati ya wazee hazidumu sana, kwa hiyo lichukulie kama kununua muda.

Na umeme kamili? Hesabu ya LUKU inavutia kuliko zote. Uniti moja kwa mteja wa kawaida, pamoja na kodi, imekuwa kama shilingi 356. Gari dogo la umeme linakula uniti 15 kwa kilomita 100, ukiweka na zinazopotea wakati wa kuchaji sema 17. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa kilomita 100, mahali ambapo petroli ingekula 21,000 na gesi 8,000. Na umeme wenyewe unazidi kuwa safi: Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mashine 9 za megawati 235 kila moja, liliwasha mashine ya kwanza Februari 2024, na uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Kenya iko mbele zaidi. Karibu asilimia 90 ya umeme wao unatokana na jotoardhi ya Olkaria na kwingineko, maji, upepo na jua, na tangu 2023 wana bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme inayoshuka hadi nusu yake wakati wa usiku. Ethiopia imefika mbali kuliko wote: Januari 2024 ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli.

Lakini tazama nani ameanza kufaidi Afrika Mashariki. Nairobi, mabasi ya umeme ya BasiGo yaliingia barabarani 2022, yakiwa kazini mchana na kuchajiwa usiku. Kigali, pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za biashara ya abiria zinazosajiliwa jijini humo lazima ziwe za umeme. Dereva hangoji kuchaji. Anafika kituoni, anachomoa betri iliyokwisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka kwa muda ambao angetumia kujaza petroli. Betri, ambayo ndiyo sehemu ghali, haikuwa yake tangu mwanzo; analipia umeme na matumizi. Kwa mpango huo pikipiki ya umeme inamfaa mtu asiye na mtaji mkubwa, na anayetembea kutwa, kama wale wa Ubungo. Ningekuwa na sauti kwenye meza ya bajeti, msamaha wa kodi ungeanzia hapo, kwenye pikipiki na bajaji za umeme, mitungi ya gesi na vituo vya kubadilishia betri, kabla ya gari lolote la kifahari la mtu binafsi.

Kwa mnunuzi wa kawaida anayeona Nissan Leaf ya bei poa kutoka Japani, nina tahadhari. Leaf za mwanzo, zilizotoka mwishoni mwa 2010 na betri ya uniti 24, hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji wala kwa feni. Nchi za joto huzichosha haraka. Pembeni ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi kuna vijiti vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake. Gari lenye vijiti 8 litakutoa Mbezi hadi mjini na kukurudisha ukiwa na wasiwasi. Vijiti hivyo vinaweza kudanganywa kwa kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, navyo huonekana vyote 12 kwa muda kabla ya kuanguka tena. Kwa hiyo usiviamini peke yake. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi wa gari, pakua programu ya LeafSpy kwenye simu, usome mwenyewe. Nyumbani, soketi ya kawaida itachukua usiku mzima kujaza betri hiyo, na waya zake lazima ziwe na ethi nzuri. Kama unakaa nyumba ya kupanga yenye LUKU moja kwa wapangaji sita, gari la umeme litakugombanisha na jirani kabla hujaliendesha wiki.

Bado sijamjibu yule mzee wa kilomita 300, na wako wengi kama yeye. Kwake ushauri wangu ni kubaki na gari alilonalo. Kutengeneza gari jipya dogo peke yake hutoa tani kadhaa za hewa ya ukaa. Gari lake linatoa kilo 590 kwa mwaka. Abaki nalo, alihudumie vizuri: oili ya daraja linalotakiwa na injini hiyo, chujio la hewa lisilojaa vumbi, matairi yenye upepo sahihi. Akitaka kubadilisha kwa sababu nyingine, achague injini ndogo. Kodi yetu yenyewe inamwelekeza huko: ushuru wa bidhaa kwa gari lisilozidi cc 1,000 ni sifuri, kati ya 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, juu ya hapo asilimia 10, na gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 huongezewa asilimia 15, likizidi miaka 10 asilimia 30. Aingize namba zake kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla ya kutuma hela Japani.

Kuna kitu kimoja zaidi kinachomhusu yeye na kila mmoja wetu, awe wa kilomita 300 au 4,000. Chini ya gari la petroli, kwenye bomba la moshi, kuna kile mafundi wanachokiita masega: tofali la kauri lenye vitundu maelfu, limepakwa platini, paladi na rodi. Moshi wenye sumu ukipita humo unageuzwa kuwa gesi zisizodhuru sana. Ili masega yafanye kazi, petroli haitakiwi kuwa na risasi, na nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Dizeli nayo ilisafishwa: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta safi tumeyapata kwa jasho. Kisha tunalitoa tofali lenyewe na kuliuza.

Utamsikia fundi: "Bosi, masega yameziba, gari halipumui. Tuyatoe, kuna mtu ananunua, sevisi yako itakuwa bure." Gari litakwenda, hata kwa nguvu kidogo zaidi, na bomba litapiga kelele nzuri. Madini yale yana bei kubwa kuliko sevisi uliyopewa bure, na tangu siku hiyo gari lako linamwaga kaboni monoksidi na moshi wa petroli isiyoungua mbele ya shule ya mtaani kwako. Masega hayazibi bila sababu. Ama plagi moja haichomi, ama injini inakula oili, na kuyatoa kunaficha ugonjwa huo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa nje kati ya 2015 na 2018, asilimia 40 hivi yakija Afrika, mengi yakiwa chini ya kiwango. Mengine yalifika masega yameshang'olewa.

Kwa hiyo ukienda yadi, kabla ya kuzungumza bei, mwambie muuzaji gari lipandishwe juu. Lala chini mwenyewe uangalie bomba la moshi tangu kwenye injini. Ukikuta limekatwa na kuchomelewa bomba tupu mahali pa masega, dai bei ipungue kwa gharama ya kuyarudisha, na uyarudishe kweli. Muuzaji akikataa, liache gari hapo hapo.